Boliti Saba za Goti

Tangazo lilidumu sekunde kumi na moja.
Mguu mmoja, tope, moshi,
goti likakunjika, kioo kikazima.
Hakuna tarehe.
Hapa Muroran, juu ya duka la tambi la kina Tsukada,
watu wazima watano tulipiga kelele
hadi mama mwenye duka akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Iwabashira anarudi.
Miaka ishirini na mitatu tumelitaja jina hilo chinichini
kama watu wanaodaiwa.

Haruyoshi, fundi wa tanuri, akairudisha picha nyuma
mara arobaini, akihesabu.
“Boliti sita. Goti la kweli lina saba.”
Tukagombana hadi treni ya mwisho ikatuacha.
Minako alishikilia kuwa ya saba imefunikwa na moshi.
Mimi kimya. Nilikuwa nimeiona ya saba,
au nilitaka mno kuiona; tofauti yake siijui.

Wasiolipenda jitu letu waliliita kobe.
Ulibonyeza kitufe, ukangoja.
Kwanza bega lilinung'unika, kisha nyonga,
ndipo unyayo ukainuka, tani mia nane,
na adui keshakufyatulia mara mbili.
Wenzetu shuleni walicheza michezo ya panga na mbawa.
Sisi tulipenda uzito ule,
kwa sababu baba zetu walirudi hivyo kutoka kiwandani,
bega kwanza, kisha nyonga,
wakivua buti kizingitini kama wanaoshusha daraja.

Husemwa ya kale hayanuki.
Kaseti hii inanuka: vumbi, risasi ya kulehemu,
supu iliyomwagika mwaka wa mtihani.
Ndani mna betri ndogo kama kifungo cha shati,
nayo ndiyo inayokumbuka.
Inakumbuka alipoishia Kazuteru,
hatua ya kumi na nne, ukingoni mwa bandari, mizinga miwili imebaki,
siku moja kabla baba yake hajaachishwa kazi
wakahamia Hamamatsu, magodoro juu ya lori.
Msiiguse, alisema, nitakuja kumaliza.
Betri ikifa, inasahau.
Ukiibadili, inasahau vilevile.
Haruyoshi ana koleo, ana mkono usiotetema,
ila kila mwaka hufungua mfuniko, hutazama, hufunga.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Ile ya tatu ilikuwa maji matupu:
jitu likaruka kama panzi, likapewa mbawa, likapewa mchumba.
Kampuni ikafilisika kabla theluji haijayeyuka.
Aliyechora goti lile, twasikia, analima tufaha Aomori;
mwenye sauti ya rubani anauza bima.

Basi ninyi mlionunua jina, sijui nyuso zenu,
siwaombi bahari inayometa wala nywele zinazopepea.
Nirudishieni kungoja.
Nusu pumzi ile, kati ya kidole na mguu,
nilipokuwa na miaka kumi
na kitu kikubwa kuliko mtaa wetu
kilikuwa kinanifikiria.

Jana nilimwandikia Kazuteru kwa namba ya zamani.
Asubuhi likaja neno moja: “Saba.”
Saa nzima baadaye: “Betri ingali hai?”

Nikapanda ngazi na makoti yangu, sijavua hata viatu.
Nikapuliza kaseti, mazoea tu, najua haisaidii.
Nikawasha.
Kioo cheusi, mvumo, mstari mwembamba wa kijani.
Binti wa Minako, miaka tisa, alikuwa ameacha tambi zake chini.
“Limekufa?”
Ngoja, nikamwambia,
kidole kingali juu ya kitufe.
Ngoja. Bega kwanza.